Zaidi ya miaka kumi kazini, cheo cha kati: kuhamia kazi bora kunafanyikaje bila kuhatarisha iliyopo?

Nguzo_ya_Kati

Wakuu, habari zenu. Naomba mwongozo wa vitendo. Maneno ya kutia moyo tunayo ya kutosha. Chukulieni mtu wa manunuzi na ugavi, zaidi ya miaka kumi kazini, anasimamia watu wachache, bado ameajiriwa. Anataka cheo cha juu na malipo bora mahali pengine. CV zinatumwa, lakini ama ni kimya, ama anaitwa kwenye nafasi zilizo chini ya hiyo aliyo nayo.

1. CV ya miaka yote hiyo inapunguzwaje isionekane tupu?
2. Unatafutaje kimyakimya bosi asijue?
3. Ukiulizwa mshahara unataja nini?
4. Kuna haja ya kurudi darasani kwanza?

---

Kalamu_Nyekundu

Naanza na la nne, maana ndilo linalokula muda na ada za watu.

Kabla ya kulipia kozi yoyote, kusanya matangazo kama 25 ya cheo unachokitaka, si ulicho nacho. Hata yaliyopitwa na tarehe yanafaa. Fungua jedwali: kila sharti lipate mstari wake, kila tangazo safu yake, weka alama sharti linapotajwa. Ukimaliza hesabu. Sharti lililojitokeza kwenye zaidi ya nusu ya matangazo ndilo kiini cha cheo hicho. Lililojitokeza mara mbili tatu ni matakwa ya mwajiri mmoja mmoja, usilikimbilie. Kisha tenganisha yaliyoandikwa "lazima" na yaliyoandikwa "itakuwa sifa ya ziada". Cheti kikiwa kiini na kikawa cha lazima, kasome. Kwa watu wa manunuzi mara nyingi ni vyeti vya CIPS (taasisi ya kitaaluma ya manunuzi na ugavi yenye makao Uingereza), na hapo soma tangazo kwa makini: wapo wanaotaka uanachama kamili, ambao diploma za ngazi ya 4, 5 na 6 ndizo zinazoelekea huko, na wapo wanaoridhika na mtu aliye njiani. Tofauti hiyo ni ya miaka ya masomo, si ya herufi. Shahada ya uzamili iliyotajwa na matangazo matatu kati ya 25 haiwezi kuwa sababu ya CV yako kunyamaziwa.

Jedwali hilohilo ndilo linaloandika CV. Kurasa mbili zinatosha. Theluthi ya juu ya ukurasa wa kwanza ndiyo inayoamua kama zilizobaki zitasomwa, kwa hiyo weka hapo: jina na mawasiliano, cheo unacholenga, mistari mitatu au minne inayosema umesimamia nini na kwa ukubwa gani (bajeti, idadi ya watu, idadi ya mikataba), kisha ujuzi nane hadi kumi uliotoka kwenye kiini cha jedwali lako, kwa maneno yaleyale ya matangazo. Maneno ya "mchapakazi, mwaminifu, anayefanya kazi chini ya shinikizo" futa yote. Hakuna anayeandika kinyume chake.

Kazi ya sasa ipewe hoja tano au sita. Iliyotangulia, tatu. Chochote kilichozidi miaka kumi kiwe mstari mmoja: cheo, mwajiri, miaka. Alama za mtihani wa sekondari ziondoke.

Sasa, kwa nini mtu anaitwa kwenye kazi za chini? Angalia vitenzi. CV nyingi za watu wa kati zimejaa "kuandaa", "kujaza", "kufuatilia", "kusaidia". Hivyo ni vitenzi vya mtekelezaji, na msomaji anakupanga kwa vitenzi ulivyomletea. Anayetafuta meneja anatafuta kuamua, kujadili, kuidhinisha, kuanzisha, kufuta, kuajiri. Linganisha:

"Nilihusika na usimamizi wa wazabuni na mikataba ya vifungashio."

"Nilipunguza wazabuni wa vifungashio kutoka 14 hadi 5 na kujadili upya mikataba yao, gharama kwa tani ikashuka asilimia 9 ndani ya mwaka, na oda zilizochelewa zikapungua kutoka 1 kati ya 6 hadi 1 kati ya 20."

Ya kwanza imenakiliwa kutoka maelezo ya kazi. Hata aliyeharibu kila kitu angeweza kuiandika. Ya pili ina uamuzi, ukubwa na matokeo. Kama huna takwimu kamili, tumia kabla na baada, au mara ngapi kwa mwezi, au makadirio unayoweza kuyatetea ukiulizwa umeyapataje. Hilo la kuulizwa litakuja, kwa hiyo usibuni. Na kama kiasi cha fedha ni siri ya mwajiri wako, andika asilimia. Anayemwaga siri za kampuni ya sasa kwenye CV anamwonyesha mwajiri mpya zake zitakavyomwagwa.

Ukikuta unatimiza karibu robo tatu ya masharti ya lazima, omba. Ukitimiza yote kwa urahisi, kazi hiyo huenda ni ileile uliyo nayo, imebadilishwa jina tu.

---

Kichujio

Nyongeza kuhusu mifumo ya kupokelea maombi, kwa sababu hadithi ni nyingi mno mitandaoni.

Kinachokuondoa papo hapo mara nyingi si "roboti" iliyoisoma CV ikakuchukia. Ni yale maswali ya fomu: una miaka mingapi ya uzoefu wa jambo fulani, una kibali cha kufanya kazi, uko tayari kuhama, mshahara unaotarajia. Mwajiri ameweka kikomo, jibu lako likianguka nje yake maombi yanafungwa bila mtu kuyaona. Watu wanahangaika na CV usiku kucha halafu fomu wanaijaza wakiwa kwenye foleni. Swali la miaka soma mara mbili: "miaka ya uongozi" na "miaka ya kazi" si kitu kimoja. Na kama sehemu ya mshahara inakubali maneno, andika kwamba utajadili baada ya kuelewa majukumu.

Pili, mfumo unatoa maandishi kwenye faili lako na kuyapanga kwenye visanduku, na mtu wa rasilimali watu anatafuta humo kwa maneno. Maandishi yakitoka yamevurugika, hupatikani. Jipime hivi: fungua PDF yako, chagua yote, nakili, bandika kwenye programu ya maandishi matupu. Soma ulichobandika. Safu mbili zimechanganyika mstari kwa mstari? Namba ya simu uliyoiweka kwenye kichwa cha ukurasa haipo? Vile vinyota vya "kiwango cha ujuzi" vimegeuka alama za ajabu? Basi ndivyo mfumo unavyoweza kuisoma. Dawa ni safu moja, vichwa vya kawaida (Uzoefu, Elimu, Ujuzi), bila masanduku ya maandishi, bila picha, mawasiliano ndani ya ukurasa wenyewe. Na isiwe PDF ya skana, hiyo ni picha tu.

Ujanja wa kuficha maneno muhimu kwa rangi nyeupe achaneni nao. Maandishi yakitolewa rangi haipo, kila kitu kinaonekana, na aliyekuwa anakufikiria anakuondoa.

---

Bi_Ratiba

Kalamu na Kichujio wamesema vizuri, ila wote wanazungumzia mlango wa mbele. Kwa cheo cha kati kwenda juu, matangazo ni sehemu tu ya soko. Nafasi nyingi zinajazwa na mtu aliyetajwa na mtu.

Na si lazima awe rafiki wa karibu. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti kuhusu waliopata kazi kupitia watu wanaowafahamu. Asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana mara kwa mara na aliyewapa habari, asilimia 55.6 walikuwa wakionana naye mara chache, na 27.8 kwa nadra sana. Jaribio kubwa lililofanyika kwenye LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, likahusisha watu wapatao milioni 20 na kuchapishwa mwaka 2022, likaelekea hukohuko kwa marekebisho kidogo: wanaosaidia zaidi ni wa uhusiano hafifu kiasi, si wa karibu kabisa wala si wageni kabisa. Sababu yake ni nyepesi. Unaokula nao mchana wanajua nafasi zilezile unazozijua wewe. Aliyehama idara yenu miaka minne iliyopita yuko kwenye jengo lingine, anasikia mengine.

Kwa hiyo andika orodha ya majina kama 40: waliokuwa wenzako wakahama, mabosi wa zamani, wazabuni mliofanya nao kazi (mtu wa manunuzi ana utajiri hapa, wauzaji wanaingia kampuni zote), wakaguzi, wateja, mliosoma pamoja. Tuma ujumbe kwa watano kwa wiki, si wote 40 siku moja, maana wakikujibu lazima uwe na nafasi ya kuwasikiliza. Ujumbe uwe mfupi, maneno yasiyozidi 80: mlijuana wapi, unafikiria kuelekea wapi, unaomba dakika 20 za simu uulize kuhusu kampuni au sekta yake. Usiambatishe CV. Usiombe kazi. Ukiomba kazi, jibu rahisi ni "kwa sasa hakuna", mazungumzo yamekwisha. Ukiomba maelezo anayoyajua, anazungumza.

Kwenye simu uliza vitu vitatu: idara hiyo inasumbuliwa na nini sasa, mtu wa cheo hicho anapimwa kwa lipi, na nani mwingine unapaswa kuongea naye. Hilo la mwisho ndilo linalofanya orodha isiishe. Asiyejibu mkumbushe mara moja baada ya siku saba hadi kumi, kisha mwache.

Kuhusu usiri. Barua pepe ya kazini, kompyuta ya kazini, mashine ya kuchapisha ya kazini: visiguse jambo hili. Wasifu wako wa LinkedIn ubadilishe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na zima kwanza ile sehemu inayotangaza mabadiliko kwa mtandao wako. Alama ya kutafuta kazi ina namna mbili: ya kuonekana na watu wote, na ya kuonekana na waajiri na mawakala pekee. Chagua ya pili, lakini jueni kwamba LinkedIn wenyewe wanasema hawawezi kuhakikisha kampuni yako haitaiona. Wakala wa ajira naye mwambie kwa maandishi asitume CV yako popote kabla hajakutajia jina la mwajiri ukakubali. Bila hivyo anaweza kuituma kwa kampuni dada ya kwenu, au mawakala wawili wakaituma mahali pamoja na mwajiri akakuacha kukwepa ugomvi wa kamisheni. Halafu wakala wa kweli analipwa na mwajiri. Anayekudai wewe ada ya "kufungua faili", kimbia.

Wadhamini, yaani watu watakaoulizwa kuhusu utendaji wako, wasiwe wa kazi ya sasa mpaka ofa ifike.

---

Nguzo_ya_Kati

Shukrani sana wakuu, dada Ratiba hasa hiyo ya mawakala, sikuwa naijua. Bado mshahara na usaili. Pia kuna wanaoshauri mtu aache kazi kwanza ili apate muda wa kutafuta. Na je, kubadili sekta na taaluma kwa pamoja inawezekana?

---

Kokotoa

Kuacha kwanza: hapana, labda kazi yenyewe inakuumiza afya au wanakutaka uvunje sheria. Aliye kazini anaweza kusema hapana kwa ofa mbaya. Asiye na kipato kila mwezi ukipita kiwango chake kinashuka, na upande wa pili wa meza wanalijua hilo.

Kubadili sekta na taaluma kwa mpigo mmoja ni ghali, kwa sababu mwajiri hana cha kushika. Badili kimoja. Mtu wa manunuzi wa kiwandani anaweza kuwa mtu wa manunuzi wa hospitali. Akishazoea sekta ya afya, ndipo ahamie uendeshaji. Na usisahau kuhama ndani ya kampuni mliyomo, ambako rekodi yako tayari wanayo.

Mshahara. Kabla ya usaili wowote kuwa na namba tatu kichwani: sakafu (chini yake huendi), lengo, na ya kufungulia mazungumzo, ambayo iko juu ya lengo kidogo na unaweza kuitetea kwa viwango vya soko. Mshahara wako wa sasa usiutaje. Wakikushikilia, rudisha kwenye kazi: "Ningependa kuelewa ukubwa wa nafasi kwanza. Ninyi mmetenga kiwango gani?" Ofa ikitajwa, nyamaza kidogo. Kisha omba kwa sababu, si kwa shida zako: majukumu yaliyoongezeka kuliko yaliyotangazwa, timu kubwa, ujuzi adimu. Kodi ya nyumba na ada za watoto haziingii hapa.

Sehemu ambayo watu wenye akili wanaanguka ni kulinganisha mshahara kwa mshahara. Linganisha kifurushi. Tuseme mshahara wako wa sasa tunauita 100. Mwajiri anachangia 10 kwenye pensheni na 6 kwenye bima ya familia. Jumla 116. Ofa mpya ni 115, unashangilia asilimia 15. Lakini pensheni wanachangia 5, na bima ni yako peke yako, 2. Jumla 122. Nyongeza imeshuka hadi kama asilimia 5. Safari ya kwenda kazini ikiongezeka kwa 4, imebaki 2 juu ya 116, hata asilimia 2 haifiki. Tena nyongeza ya mshahara inakatwa kodi, wakati baadhi ya hayo uliyoyaacha huenda yalikuwa hayakatwi. Ongeza siku za likizo, bonasi ya mwaka unayoiacha njiani, na kipindi cha majaribio ambacho ndani yake unaweza kuondolewa kwa notisi fupi. Mara nyingine wakikataa kugusa mshahara watakubali kugusa bima, tarehe ya kuanza au mapitio ya mshahara baada ya miezi sita. Hayo nayo yaandikwe kwenye mkataba. Ahadi ya mdomo inahama pamoja na bosi aliyeitoa.

---

Bi_Ratiba

Kokotoa, kwenye kutotaja namba hatuelewani. Huo ni ushauri mzuri kwa anayeanza kazi, ambaye hajui soko. Mtu wa cheo cha kati akikaa kimya mpaka raundi ya nne ndipo agundue bajeti yao iko chini ya sakafu yake, amepoteza wiki sita na siku za likizo alizochukua kwenda kwenye usaili. Simu ya kwanza na wakala, ukishajua ukubwa wa timu na bajeti, toa masafa: kutoka hapa hadi hapa, ncha ya chini ikiwa ni lengo lako, si sakafu, kwa sababu watasikia ncha ya chini peke yake.

---

Kokotoa

Kwa wakala nakubali. Kwa mwajiri mwenyewe bado ningesubiri, hasa pale cheo hakina kiwango kilichotangazwa.

---

Kalamu_Nyekundu

Usaili kwa kifupi. Andaa mifano sita hadi minane kutoka kwenye kazi zako, kila mmoja kwa mpangilio huu: hali ilivyokuwa, jukumu lako, hatua ulizochukua, matokeo. Dakika mbili kila mmoja, na zaidi ya nusu iwe kwenye hatua. Mifano ichaguliwe ili mmoja uwe wa mgogoro, mmoja wa uamuzi uliofanywa bila taarifa kamili, mmoja wa kuongoza mtu aliyekuwa hafanyi vizuri, mmoja wa jambo lililoshindikana na lilivyorekebishwa. Maswali mengi watakayouliza yanaangukia humo.

Watu wenye uzoefu wanakosea namna yao. La kwanza ni "tulifanya, tuliamua" mwanzo hadi mwisho. Jopo haliajiri timu nzima, sema wewe ulifanya lipi. La pili ni kueleza historia ya kampuni dakika tano kabla ya kufika kwenye swali. La tatu ni kumsema bosi wa sasa. Sababu ya kuondoka iwe ya mbele: nafasi hii ina mikataba ya kimataifa, nilipo haipo. Na kama anayekuhoji ni mdogo kwako kwa umri, usimfundishe.

Nawe uliza. Nafasi hii ni mpya au kuna aliyeondoka, na alikaa muda gani? Baada ya miezi sita mtajuaje kwamba mtu huyu anafaa? Bajeti ninaidhinisha mimi hadi kiasi gani? Majibu ya hilo la mwisho yatakuambia kama cheo kina mamlaka au ni kibandiko mlangoni. Nafasi iliyopitiwa na watu watatu ndani ya miaka miwili ina tatizo ambalo halikuandikwa kwenye tangazo.

---

Mkataba_Kwanza

Nimesoma yote, hakuna aliyegusa kutoka. Usiandike barua ya kuacha kazi kwa sababu umepigiwa simu ya pongezi. Subiri mkataba uliosainiwa na pande zote, na masharti ya awali (uhakiki wa vyeti, vipimo vya afya, wadhamini) yawe yamekamilika. Ofa yenye sharti inaweza kuondolewa, na hapo huna huku wala kule.

Mkataba wako wa sasa usome kabla hata ya kuanza kutafuta. Angalia urefu wa notisi na inavyohesabiwa, siku za kalenda au za kazi. Angalia kifungu cha kutofanya kazi kwa mshindani au kutowachukua wateja na wafanyakazi. Nguvu yake inategemea sheria za mahali ulipo, lakini mwajiri mpya anapaswa kukijua mapema. Angalia kama kampuni ilikusomesha kwa makubaliano ya kurudisha gharama ukiondoka kabla ya muda, maana kiasi hicho unaweza kuomba mwajiri mpya akibebe, ila kabla ya kusaini, si baada. Na angalia tarehe: bonasi hulipwa mwezi gani, na haki yako kwenye mchango wa pensheni wa mwajiri inakomaa lini. Kuondoka wiki mbili mapema kunaweza kukugharimu zaidi ya nyongeza ya miezi kadhaa.

Barua iwe na mistari mitatu: naacha kazi, siku yangu ya mwisho ni tarehe fulani kwa mujibu wa notisi, nitakabidhi kazi. Malalamiko yasiingie. Wakikuletea ofa ya kukubakisha, pima sababu zilizokufanya utafute. Kama ilikuwa fedha tu, inaweza kufaa, mradi iwe kwa maandishi. Kama ilikuwa bosi au kukosa pa kupanda, mshahara mpya haujabadilisha lolote kati ya hayo, na sasa wanajua ulikuwa mlangoni.

Mwisho, mkopo unaokatwa kwenye mshahara. Iulize benki kwa maandishi ukibadili mwajiri kinatokea nini. Mikopo mingine inahama nawe, mingine riba inapanda, mingine salio lote linadaiwa kwa pamoja na kukatwa kwenye malipo yako ya mwisho. Ikiwa mwajiri wako wa sasa ndiye aliyekudhamini kwa barua, hakikisha mpya anakubali kutoa barua kama hiyo kabla hujaweka tarehe ya kuanza.